Pikapu inywe nini? Petroli, dizeli na ethanoli ya mahindi kwa wachukuzi wa Nakuru na Kisumu

Shemeji yangu analima mahindi karibu na Moi's Bridge. Pikapu yake ya petroli imezeeka, na anataka nyingine ya kupeleka mahindi na mboga Kisumu mara mbili kwa wiki, na Nakuru mara mojamoja. Juzi alinipigia simu: "Nasikia Marekani magari yanakunywa mahindi. Mimi nina magunia mia mbili ghalani na bei imelala. Mbona nimsubiri dalali wakati gari lenyewe linaweza kuyamaliza?"

Swali hilo nimelisikia pia stendi ya Nakuru na kwa wachukuzi wa soko la Kibuye, Kisumu, kwa hiyo nimeamua kulijibu kwa hesabu. Nalinganisha mafuta manne. La kwanza ni super, petroli ya kawaida. La pili ni dizeli. La tatu ni E10, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli asilimia 10. La nne ni E85, ambayo sehemu kubwa ni ethanoli. Marekani mafuta yanayouzwa kwa jina hilo huwa na ethanoli kati ya asilimia 51 na 83, kulingana na msimu na mahali.

Ethanoli yenyewe ni kileo kile kile kinachopatikana kwa kuchachusha sukari au wanga na kukeneka. Yaweza kutoka kwenye mahindi, miwa, molasi au muhogo. Ikishafika kwenye tangi, injini haijui ilitoka shamba gani.

Nitayapima yote manne kwa mambo matano: yanapatikana wapi, yanagharimu nini kwa kilomita, yanapandaje mlima, yanaitendaje injini, na yanagusaje sahani ya nyumbani. Kwa watu wa huku, la mwisho lina uzito kuliko linavyopewa, nami nitakaa hapo zaidi.

Yanapatikana wapi

Super na dizeli hazina shida. Bomba kutoka Mombasa hupita Nairobi na Nakuru, kisha hugawanyika kwenda Eldoret na Kisumu, na kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na petroli, hutangaza bei ya juu kabisa kwa kila mji. Hata ukiishiwa mafuta Muhoroni au Londiani, kituo hakiko mbali.

E10 ina historia hapa hapa kwetu. Miaka ya 1980 Kenya ilichanganya petroli na ethanoli ya molasi iliyotengenezwa Muhoroni, mpango ukaja kufa miaka ya mwanzo ya 1990. Kiwanda cha molasi cha Kisumu kilianza kujengwa mwisho wa miaka ya 1970, kikakwama kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Malawi ilianza kuchanganya mwaka 1982 na haikuacha. Kwa hiyo E10 si ndoto ya watu wa mbali, ila leo ukisimama kwenye pampu ya kawaida Nakuru au Kisumu utaulizwa super au dizeli, basi.

E85 haina pampu huku. Na hata kama ingekuwapo, gari lake lingekuwa taabu. Pikapu za Marekani zilizotengenezwa kunywa mchanganyiko wowote, kama baadhi ya Ford F-150 na Chevrolet Silverado, zina usukani wa kushoto, na Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Ongeza sheria ya gari lisilozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mlango unazidi kuwa mwembamba. Brazil wana pikapu ndogo za aina hiyo, Fiat Strada ikiwa mojawapo, lakini nazo usukani uko upande huo huo wa kushoto.

Gharama kwa kilomita

Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu wanatazama bei ya lita badala ya nguvu iliyomo ndani ya lita. Lita ya ethanoli tupu ina nishati ya karibu theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Dizeli, kinyume chake, inaizidi petroli kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na injini yake huitumia nishati hiyo vizuri zaidi.

Tuchukue mfano. Bei hubadilika, kwa hiyo weka za mwezi wako: super shilingi 180, dizeli shilingi 170. Pikapu ya petroli yenye mzigo iende kilomita 9 kwa lita, ya dizeli kilomita 12. Petroli inakula shilingi 20 kwa kilomita, dizeli kama shilingi 14. Mtu anayetembea kilomita 2,500 kwa mwezi anaokoa zaidi ya shilingi 14,000 akiwa na dizeli. Anayetembea kilomita 500 anaokoa chini ya 3,000, na injekta moja, kile kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya injini, ikiharibika inaweza kumeza akiba ya miezi mingi.

E10 hupunguza mwendo wa lita kwa asilimia 3 hivi. Pikapu yetu itatoka kilomita 9 hadi 8.7. Dereva wengi hawataiona tofauti hiyo kwa macho, ila mfuko utaiona mwisho wa mwaka. Kwa hiyo E10 ina maana tu ikiuzwa angalau shilingi 5 au 6 chini ya super ya shilingi 180.

E85 hupunguza mwendo wa lita kwa robo au karibu na hapo. Pikapu ile ile itaenda kilomita 6.75 kwa lita, na tangi la lita 70 lililokuwa linakupeleka kilomita 630 litakwisha kabla ya 480. Ili usipate hasara, E85 lazima iuzwe chini ya robo tatu ya bei ya super, yaani chini ya shilingi 135 katika mfano huu. Madereva wa Brazil wana kanuni yao ya asilimia 70: bei ya ethanoli yao ikizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, wanajaza petroli bila kufikiri mara mbili. Ni kanuni nzuri ya kubeba kichwani.

Kupanda mlima

Anayetoka Kisumu akiwa na tani moja ya mzigo anaanzia kama mita 1,130 juu ya bahari, na kabla ya kushuka Nakuru atakuwa amepita Mau Summit, mahali palipo juu ya mita 2,400. Hewa ikiwa nyepesi, injini isiyo na turbo, yaani feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, huishiwa pumzi. Ndiyo maana dizeli yenye turbo inapendwa barabara hiyo: nguvu yake huja mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole, na dereva habadilishi gia kila kona.

Ethanoli ina sifa moja ambayo haisemwi vya kutosha. Oktani yake, kipimo cha mafuta kustahimili kubanwa bila kugonga, ni kubwa, zaidi ya 105, wakati super yetu iko kwenye 93 hadi 95. Haigongi haraka injini ikibanwa sana, na inapogeuka mvuke hupoza hewa inayoingia. Injini iliyotengenezwa kwa ajili yake, hasa yenye turbo, huweza kutoa nguvu zaidi kuliko kwa petroli. Lakini sifa hiyo haijitokezi kwenye injini ya kawaida ya petroli, kwa sababu injini hiyo haijui kuitumia oktani ya ziada.

Asubuhi ya baridi ni jambo jingine. Ethanoli haigeuki mvuke kirahisi ikiwa baridi, na magari ya kwanza ya ethanoli tupu ya Brazil yalibeba kitangi kidogo cha petroli cha kuwashia tu. Mtu wa Kisumu hangejua shida hiyo. Mtu wa Molo au Timboroa, anayewasha gari saa kumi na moja alfajiri kuwahi soko la viazi, angeijua vizuri. E10 haina tatizo hilo.

Injini, fundi na vipuri

Petroli ndiyo rahisi. Kila fundi anaijua, vipuri vimejaa Nakuru na Kisumu, na injini ya petroli isiyo na turbo huvumilia uzembe kuliko ya dizeli ya kisasa. Dizeli za sasa zina injekta zenye matundu madogo mno na pampu ya shinikizo kubwa, na adui yao ni maji, uchafu na mafuta yaliyochanganywa na mafuta taa. Uchakachuaji huo ulikuwa mwingi kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili faida yake ipotee. Anayenunua dizeli na achague kituo kimoja anachokiamini, aweke risiti, na abadilishe filta kwa wakati.

E10 inahitaji uangalifu wa kadiri. Pikapu nyingi za petroli zilizotengenezwa ndani ya miaka ishirini iliyopita zinaimudu, lakini usikisie: soma kitabu cha gari au maandishi yaliyo ndani ya mlango wa tangi. Magari ya kabureta, zile Datsun 1200 na Peugeot 504 ambazo bado zinafanya kazi vijijini, yana mipira na gasketi ambazo ethanoli huzilainisha au kuzipasua. Pia ethanoli huyeyusha ugando wa miaka uliokaa ndani ya tangi na kuusukuma mpaka kwenye filta. Gari likianza kukatakata siku chache baada ya kubadili mafuta, anza na filta kabla hujamlipa mtu kufungua injini.

Halafu maji. Ethanoli huyavuta. Kwenye E10 maji yakizidi kiasi kidogo, karibu nusu ya asilimia moja, ethanoli hujitenga na petroli na kushuka pamoja na maji hayo chini ya tangi, mahali pampu inaponyonyea. Mvua za Kisumu na tangi lenye kifuniko kibovu havipatani na jambo hilo. Gari linalolala wiki tatu bila kuwashwa lisiachwe na E10 nusu tangi.

E85 kwenye pikapu isiyotengenezwa kwa ajili yake ni kosa. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa mara 14.7 ya uzito wake, ethanoli hutaka mara 9 tu, kwa hiyo injekta lazima zimwage mafuta mengi zaidi na kompyuta ya gari iwe na ujuzi wa kupima mchanganyiko. Bila hayo injini hufanya kazi kwa mafuta haba, joto hupanda, vali huteketea. Na kwenye injini ya dizeli usitie ethanoli hata chupa moja: haiwaki kwa kubanwa kama dizeli, na inaondoa ule utelezi unaolinda pampu.

Niseme na hili, kwa sababu limewahi kuulizwa mbele yangu kwa dhati kabisa: chang'aa si mafuta ya gari. Ina maji mengi. Hata mtambo mzuri wa kukeneka hufika kama asilimia 95 na kukwama hapo, na maji yaliyobaki hutolewa kwa vichujio maalumu vya kiwandani. Kinachotoka kwenye sufuria ya kijijini kikichanganywa na petroli kitajitenga na kukaa chini ya tangi kama nilivyoeleza.

Gunia la mahindi na sahani ya ugali

Sasa nirudi kwa magunia ya shemeji. Kilo moja ya mahindi hutoa karibu lita 0.4 ya ethanoli kwenye kiwanda kinachoendeshwa vizuri. Gunia la kilo 90 ni lita 36. Kwa nishati, lita hizo 36 ni sawa na lita 24 za petroli, na pikapu yetu ya kilomita 9 itatembea kama kilomita 216. Ni safari ya kutoka Nakuru hadi Kisumu na kilomita chache za kuzungukia mjini, na gunia limekwisha. Mahindi hayo hayo yangemtosha mtu mzima mmoja ugali wa karibu mwaka.

Kwa pesa nako: gunia likiwa shilingi 3,500, mahindi peke yake yanagharimu shilingi 97 kwa kila lita ya ethanoli, kabla ya kuni au gesi ya kukeneka, vimeng'enya, mishahara na kodi. Ukigeuza kwa kipimo cha nishati ya petroli, umeshafika shilingi 146 na kiwanda hakijawashwa. Ili mpango ulipe, mahindi yawe rahisi sana au petroli iwe ghali sana, na mkulima ndiye anayeumia mahindi yakiwa rahisi sana.

Ili nisiwaonee watetezi wa mahindi, kuna upande wa pili. Baada ya kuchachusha, karibu theluthi moja ya uzito hubaki kama machicha yenye protini nyingi, chakula kizuri cha ng'ombe. Gunia la kilo 90 huacha kama kilo 27, na thamani yake hupunguza ile gharama. Kuna pia mahindi yaliyoharibika. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu (aflatoksini), haipiti kwenye ethanoli, kwa hiyo mahindi yasiyofaa kuliwa yanaweza kuwa mafuta. Lakini sumu hiyo hubaki kwenye machicha na kujikusanya karibu mara tatu, na ng'ombe akilishwa huirudisha kwenye maziwa. Mwenye kuanzisha kiwanda cha aina hiyo lazima awe na mpango wa kuyateketeza machicha hayo.

Kwa nini basi Marekani wameweza? Wana mahindi ya kupindukia. Ekari yao ya wastani hutoa karibu magunia 50, yetu ya wastani nchini haifiki 10, ingawa mkulima hodari wa Trans Nzoia huvuna mara mbili au tatu ya hapo. Mahindi yao mengi ni ya njano, ya mifugo na viwanda. Na kuna sheria: tangu mwaka 2005, ikakazwa mwaka 2007, kampuni za mafuta zinalazimika kuchanganya. Zaidi ya theluthi moja ya mahindi yao huishia kwenye ethanoli. Hata huko wataalamu bado wanabishana kama hewa inasafishika, ukihesabu mbolea, trekta na ardhi mpya inayolimwa. Sisi mwaka wa ukame tunangojea malori kutoka Tanzania na Uganda ili bei ya unga ishuke.

Ukanda wetu una kitu kingine, na ndipo ninapoona matumaini ya kweli: molasi ya Muhoroni, Chemelil, Kibos. Tani moja ya molasi hutoa kama lita 250 za ethanoli, na hakuna anayeipikia ugali. Kikwazo ni miwa yenyewe. Mwaka 2023 viwanda viliamriwa kusimamisha kusaga kwa miezi kadhaa kwa uhaba wa miwa iliyokomaa, na miwa ikikosekana molasi haipo. Petroli na dizeli hazigusi sahani moja kwa moja, ila zote huagizwa kwa dola, na shilingi ikidhoofika nauli ya gunia hupanda kabla ya bei ya unga.

Wewe uko wapi?

Ukitembea zaidi ya kilomita 2,000 kwa mwezi na mzigo, hasa barabara za Kericho, Mau Summit au Nandi, dizeli itakulipa, mradi uwe na akiba ya matengenezo na kituo unachokiamini. Kabla ya kununua ya mkono wa pili, lipia fundi apime injekta na turbo.

Ukizunguka mjini, kutoka Kondele hadi Kibuye au Free Area hadi Wakulima Market, kwa safari fupi na mizigo ya kadiri, petroli inakufaa. Gari ni rahisi kununua na injini haichokozeki na safari za dakika kumi.

Ukiwa na pikapu ya petroli ya miaka ya karibuni na siku moja E10 ikarudi kwenye pampu za huku, ijaribu ikiwa kitabu cha gari kinairuhusu na bei imeshuka angalau asilimia 3. Uwe na filta ya akiba kwa mwezi wa kwanza. Mwenye kabureta, au gari linalolala muda mrefu, abaki na super.

Chama cha ushirika au kiwanda cha sukari chenye ethanoli yake, magari mengi na fundi wa kudumu ndicho kinachoweza kufikiria mchanganyiko mkubwa kama E85, kwa magari yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, matangi ya kuhifadhia yasiyoingia maji, na povu la kuzimia moto linalofaa vileo. Mtu mmoja mwenye pikapu moja hawezi kulibeba hilo.

Na ukiwa kama shemeji, mwenye mahindi ghalani na gari la kununua, tenganisha maswali hayo mawili. Safari zake mbili za Kisumu kwa wiki ni karibu kilomita 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo anatafuta ya dizeli na nimempa namba ya fundi wa kupima injekta. Mahindi ameyakausha tena, akayatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na anasubiri Mei, wakati maghala ya wengine yamekauka.